Mfungo Mlangoni pa Conaing

Tangu jana jua lilipozama Derbail alikuwa ameketi nje ya mlango wa nyumba kubwa ya mfalme, juu ya ngozi ya kondoo iliyolowa chapachapa, na hakuwa ametia kitu kinywani. Mvua ilikuja, ikaenda, ikarudi. Wapitaji walimzunguka kama watu wanavyolizunguka shimo. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Katika boma la Dun Ferna hata mtoto anayetambaa alijua maana ya mtu kuketi na njaa mlangoni pa mwenziwe: umenidhulumu, na sitakula mpaka unitendee haki. Nawe ukila huku mimi nina njaa hapa, heshima yako imekwisha, kiapo chako ni upepo, na mtu akikunyang'anya ng'ombe usije ukamlilia mwamuzi.

Aliyewekewa mfungo huo ni Conaing, mfalme mpya. Na Derbail ndiye aliyemlea.

Alikuwa na hasira kiasi kwamba njaa haikupata pa kukaa. Mikono aliikunja ngumi chini ya shuka. Kutoka kibanda cha mhunzi, ng'ambo ya ua, ilisikika nyundo. Haikuwa ikifua jembe wala mkuki. Mlio wake ulikuwa mwepesi mno. Ilikuwa ikinyoosha chuma chembamba, na chuma hicho kilikuwa cha macho ya Fogartach.

Fogartach alikuwa ndugu yake Conaing, baba mmoja, mama mbalimbali. Tangu juzi alikuwa amefungwa minyororo ndani ya ghala la nafaka nyuma ya nyumba kubwa. Sheria ya kabila lao ilisema mfalme awe mtu mzima asiye na kilema. Asiyeona hawezi kutawala. Kwa hiyo watu wa ukoo wa kifalme, ambao walipenda sana kujisifu kwamba hawamwagi damu ya ndugu, walikuwa wamejifunza kupofushana. Ukimuua ndugu yako unaitwa muuaji. Ukimchoma macho unaitwa mtu mwenye kuona mbali. Derbail aliyajua haya maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa ameyasikia kama mtu anavyosikia habari za tauni ya nchi nyingine. Sasa tauni ilikuwa imeingia kwa watoto wake, na aliyeileta kwa mkono wake ni yeye mwenyewe.

Kwao wana wa mfalme hawakulelewa na waliowazaa. Mtoto wa ukoo mkubwa alipelekwa kwa watu wa kumlea mpaka apate ndevu, na ukoo ukaota mizizi nyumba nyingi. Mfalme mzee alipopata wana wawili kwa wake wawili, wote wawili aliwapeleka kwa Derbail na mumewe, kando ya ziwa, mmoja akiwa bado ananyonya. Derbail alimnyonyesha Conaing titi moja na binti yake mwenyewe titi la pili; binti akafa kwa homa, Conaing akaishi. Wale wavulana walilala blanketi moja, wakaiba siagi pamoja, wakapigwa pamoja. Wake wa mfalme waliowazaa, wavulana waliwaita "Bibi," kwa heshima na kwa mbali. Yeye walimwita "Mama."

Masika yaliyopita mfalme mzee alikufa. Wazee wa ukoo walikaa wakamchagua Conaing, na Fogartach akaondoka kimya kwenda kwa wajomba zake, ng'ambo ya ziwa. Mavuno yalipokwisha, Conaing alikuja kwa Derbail peke yake, bila walinzi, akaketi kwenye kigoda chake cha utotoni, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, nenda kamlete ndugu yangu," alisema. "Aje tule naye karamu yangu ya kwanza, watu waone hatuna ugomvi. Mimi nikimwita hatakuja. Wewe ukimwita atakuja."

"Na akija?"

"Mama! Nani atamgusa? Neno langu si unalo?"

Hapo ndipo alipokosea. Katika nchi ile mtu hauzi hata ndama bila mdhamini. Msichana haolewi, shamba halikodishwi, mbwa habadilishwi kwa mbwa mpaka atokee mtu wa tatu aseme: huyu akivunja neno, nishikeni mimi. Neno lisilo na mdhamini si neno, ni pumzi. Lakini mama anamdaije mwanawe mdhamini? Aliliona jambo hilo kama kumpima mtoto uzito kabla ya kumbusu. Akaenda. Fogartach ndiye aliyeuliza, wakiwa wamesimama kwenye matete, mtumbwi ukingoja.

"Mdhamini ni nani, Mama?"

Derbail akacheka. "Mdhamini wako mimi. Panda, usinicheleweshe, ng'ombe wanangoja kukamuliwa."

Walinzi wa Conaing walimkamata Fogartach langoni pa boma, mkono wake ungali umeshika mkono wa Derbail.

Alikwenda mbio kwa Cernach, mwamuzi, mzee mwenye ndevu za kijivu aliyekuwa amezihifadhi sheria zote kichwani tangu ujanani. Cernach alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lilelile. "Mdhamini?"

"Mimi."

"Sheria haimtambui mwanamke kuwa mdhamini, Mama Derbail. Unalijua hilo."

"Sheria hiyohiyo inanitambua ninapowanyonyesha?"

Mzee alikuna ndevu.

"Basi niambie, sheria imenibakizia nini?"

Cernach aliinamisha kichwa. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeongea na viatu vyake, "Imekubakizia njaa. Njaa haihitaji mdhamini."

Ndiyo maana akawa pale mlangoni.

Mchana wa leo machifu walianza kuingia. Ilikuwa karamu ya kwanza ya mfalme mpya, karamu ya kuipokea baridi, na kila chifu atakayekula nyama yake atakuwa mtu wake mwaka mzima: atamletea ng'ombe, atampigania, atamwita bwana. Asiyekula si mtu wake. Mradi karamu haijaisha hakuna damu inayoruhusiwa kumwagika ndani ya boma. Mhunzi alikuwa akiandaa kazi ya kesho. Machifu walishuka kwenye farasi wakiwa na matope mpaka kiunoni, wakamwona Derbail, wakapita wakijibana kwenye mwimo wa mlango ili nguo zao zisimguse.

Bibi Dunlath alitoka nje kumwona. Huyu ndiye aliyemzaa Conaing: mwanamke mrefu, aliyevaa joho la kijani lililobanwa kwa pini ya fedha, dada wa mfalme wa nchi jirani, na aliyekuwa mke wa wafalme wawili kabla hajawa mama wa mmoja. Alisimama juu ya Derbail, akiangalia upande wa lango kana kwamba anaongea na mvua.

"Derbail, ondoka hapa. Unamtia aibu mtoto mbele ya wageni."

"Mtoto gani? Niliye naye mimi yuko ghalani na minyororo."

"Usijifanye hujui mambo. Fogartach ana wajomba, wajomba wana mikuki. Leo anacheka, kesho anakuja na mashua arobaini. Nimeona mimi. Baba yangu aliwaonea huruma ndugu zake, nao wakamzika." Sasa alimtazama. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hukumzaa."

"Kweli, sikumzaa," Derbail alisema. "Wewe ulimzaa asubuhi, jioni ukampandisha farasini kwenye mikono ya mtumishi. Uchungu ulioujua wewe ni wa siku moja. Jino lake la kwanza liliota wapi? Anaogopa nini gizani? Hebu niambie, Bibi, nami nitaondoka sasa hivi."

Dunlath alikaza midomo. Pembeni, mlinzi mmoja alijifanya anakohoa.

"Kaa hapo kama mnyama," Dunlath alisema. "Njaa itakung'oa hapo."

"Nimezika mtoto na mume. Njaa ni mgeni mdogo kwangu."

Dunlath alirudi ndani. Baada ya hapo harufu ikaanza kutoka mlangoni: nyama ya nguruwe iliyobanikwa, vitunguu vya majani, mikate ya shayiri, pombe mpya. Mate yalimjaa Derbail mdomoni, naye akayakasirikia mate yenyewe.

Kutoka alipoketi aliweza kuona ndani hadi moto wa katikati. Machifu walikuwa wameketi kila mtu kwa daraja lake, mgongo ukutani. Kando ya moto alisimama Becan, mgawa nyama, mtu mnene mwenye kisu kirefu. Katika nyumba ya mfalme nyama haigawiwi ovyo. Paja ni la mfalme, kiuno cha mwamuzi, ubavu wa machifu, na kushuka hivyo hivyo mpaka kichwa, ambacho ni cha waendesha farasi. Na hakuna anayeruhusiwa kugusa kipande chake kabla mfalme hajauma paja lake.

Becan aliweka paja mbele ya Conaing. Mafuta yalikuwa yanachuruzika. Conaing, kijana mwenye nywele za shaba na taji jembamba, alilitazama paja, kisha akatazama mlangoni. Macho yao yakakutana. Akayaondoa yake upesi.

"Tunywe kwanza," alisema kwa sauti kubwa. "Nyama ni ya moto mno."

Lakini pombe nayo ni chakula, na kila mtu alijua. Kikombe kilibaki mkononi mwake kikiwa kimejaa. Machifu walishika vikombe vyao wakangoja. Moto ukalia. Mtu mmoja tumbo lilinguruma, likasikika nyumba nzima.

"Hilo ni lako, Mzee Ailgal?" mmoja aliuliza.

"Langu," alijibu Ailgal, chifu wa kinamasi, mzee mwenye sikio moja aliyekuwa amekula karamu za wafalme wanne. "Limetoka nyumbani jana likiwa na ahadi. Mfalme, hii nyama ni ya moto mpaka lini? Maana naiona inaanza kupata usingizi."

Wachache wakacheka, wakaacha. Conaing akawa mwekundu. Dunlath, kando yake, alimnong'oneza kitu. Conaing akamwita Becan, akamnong'oneza naye. Becan alifuta mikono kwenye aproni, akachukua mkate wa shayiri uliopakwa siagi, akaja mlangoni akichuchumaa kwa shida mbele ya Derbail.

"Mama Derbail," alisema chinichini. "Mfalme anasema amekubali. Fogartach hataguswa. Kula mkate huu yaishe, uingie ndani upate moto. Umelowa mpaka mifupa, mama yangu."

Siagi ilikuwa ya manjano, yenye chumvi. Derbail aliitazama. Mkono wake ulitoka chini ya shuka wenyewe, kabla hajauruhusu. Kisha ukasimama hewani.

"Amekubali?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mdhamini ni nani?"

"Mimi mkata nyama tu, mama."

"Nakuuliza, Becan. Mdhamini ni nani?"

Becan alitazama chini. "Hakumtaja mtu."

Basi ndivyo. Angeuma mkate, mfungo ungevunjika, mfalme angekula kwa amani, na kesho wangemwambia alichukua pumzi kwa mara ya pili. Mtoto aliyemfundisha kushika kijiko alikuwa ametuma mkate kumtega, kama mtu anavyomtega mbweha. Kitu kilipanda kifuani mwa Derbail, cha moto, kikubwa kuliko mwili wake. Alisimama. Akaenda mpaka kizingitini, akashika miimo miwili ya mlango, mmoja kila mkono, maji yakimtiririka kutoka kwenye shuka.

"Conaing!"

Nyumba yote ikageuka.

"Umenitumia mkate. Hukunitumia mdhamini. Umenidanganya mara moja kwa sababu nilikuwa mama yako, sasa wataka unidanganye mara ya pili kwa sababu nina njaa?"

"Mama, si hapa," Conaing alisema. "Tutaongea."

"Hapahapa! Juzijuzi uliniambia neno lako ninalo. Nikampa ndugu yako neno hilo mkononi kama yai. Umelivunja mkono wangu ungali umemshika. Na wazee wenye hekima wananiambia mimi mjinga, nimechukua neno tupu. Haya, mimi mjinga." Aligeuza uso kwa machifu. "Na nyinyi je? Mzee Ailgal, mjukuu wako yuko wapi?"

Ailgal aliinua nyusi. "Unajua alipo. Yuko hapa bomani, rehani kwa mfalme. Watoto wetu sote wako hapa."

"Kwa ahadi gani?"

"Tuliwaleta siku ya kutawazwa. Aliapa akiwa juu ya jiwe la kutawazia…" Mzee akaanza kusema polepole. "Aliapa kuwatunza kama ndugu zake."

"Kama ndugu zake!" Sauti ya Derbail ilipasuka. "Mnaisikia hiyo nyundo? Nendeni kwa mhunzi mkaangalie anavyowatunza ndugu zake! Mwulizeni kile chuma ni cha nani leo, na mwakani kitakuwa cha nani! Kuleni, mbona hamli? Kuleni nyama yake, mwe watu wake, kisha mkalale usingizi!"

Nyundo nje iligonga, ikagonga tena. Nyumba nzima iliisikia sasa, hata wale waliokuwa wameisikia tangu asubuhi.

Conaing alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Derbail aliufahamu uso huo: ni ule wa mvulana anayeambiwa hapana mbele ya wenzake. "Nimechoka," alisema, na sauti ikamponyoka ikawa nyembamba. "Mimi ni mfalme au si mfalme? Kila mtu ananiambia. Bibi ananiambia, wazee wananiambia, sasa mwanamke wa ziwani ananisimamia mlangoni pangu mwenyewe! Nitakula nyama yangu!"

Akalinyakua paja kwa mikono miwili, akalichana kwa meno, akang'oa pande kubwa.

Ailgal alikuwa na kisu chake mkononi, tayari kwa ubavu. Alikitazama, akakifuta kwenye suruali bila haraka, akakirudisha kwenye ala. Mlio wa ngozi ulisikika. Jirani yake akafanya vilevile. Kisha mwingine, upande wa pili wa moto. Visu viliingia alani kimoja baada ya kingine. Cernach mwamuzi alisimama, akiegemea fimbo.

"Akimeza," alisema, "basi amekula juu ya njaa ya mwenye haki. Hatakuwa na heshima ya kulipwa wala ya kuaminiwa. Na asiye na heshima hakai juu ya jiwe. Mimi sikutunga, nimerithi tu."

"Meza!" Dunlath alimwambia mwanawe. "Wewe ni mfalme. Wanakutisha tu. Meza!"

Conaing alisimama shavu limetuna, taya halitafuni, mafuta yakimtelemka kidevuni. Macho yake yalizunguka nyumba yote yakitafuta mtu. Yakaishia kwa Derbail.

Naye Derbail alikumbuka, bila kutaka, siku moja kwenye ua wa kanisa, kwenye ule mti mweusi wenye vitunda vyekundu vya sumu. Fogartach mdogo alikuja mbio akilia, Mama, Mama, Conaing ameweka kitunda mdomoni, ananiambia ananionyesha kwamba haogopi. Derbail alimkuta amesimama hivihivi, shavu limetuna, amekwama kati ya kiburi na hofu, hajui kumeza wala kutema, akingoja mtu amwondolee uamuzi.

Hasira haikumtoka. Alivuka kizingiti akiwa nayo, akapita kando ya moto, machifu wakikusanya miguu yao kumpisha. Alifika mbele ya mfalme, akakinga kiganja chini ya kidevu chake.

"Tema."

Conaing alitikisa kichwa. Macho yalikuwa yamejaa maji.

"Conaing," Dunlath alisema.

"Sikukuruhusu kufa siku ile," Derbail alisema, "na sikuruhusu leo. Tema hapa. Sasa hivi."

Alitema. Pande la nyama liliangukia kiganjani mwake, la moto, limelowa mate. Derbail alifunga vidole juu yake, akageuka, akalitupia motoni. Lilichachatika.

Kisha Cernach akakohoa.

"Kisichomezwa hakijaliwa," alisema. "Mimi naona mfalme bado amefunga."

"Basi mfalme afanye haraka," Ailgal akasema, "maana tumbo langu halijasoma sheria." Kicheko kilipita nyumbani humo, kifupi, cha watu walioepuka kuanguka shimoni.

Derbail hakucheka. "Bado nina njaa," alisema. "Na bado nataka mdhamini. Si pumzi. Mtu, mwenye mwili na jina."

Conaing aliketi. Alijifuta mdomo kwa mkono wa nguo. "Nani atanidhamini sasa?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

Dunlath alikuwa amekaza macho kwenye moto. Halafu Ailgal alisimama kwa kuugua, mkono kiunoni.

"Mimi," alisema. "Mjukuu wangu yuko hapa, sitakuwa mbali hata hivyo. Fogartach akiguswa jicho, au ukucha, nichukueni mimi mnifunge minyororo, na wanangu wote wajue nani kaniponza. Umesikia, mfalme? Sikudhamini kwa kukupenda. Nakudhamini ili nyumba hii ipate mtu mmoja ambaye neno lake lina miguu."

"Nimesikia," alisema Conaing.

"Sema mbele ya watu."

Akasema: ndugu yake ataondoka bomani leo, mzima, na hataguswa na yeye wala na mtu wake. Maneno yalimtoka kama mawe, na Cernach aliyarudia moja moja ili yakae vichwani mwa watu. Becan alitumwa kwa mhunzi. Nyundo iligonga mara nyingine, ikakatika.

Walimleta Fogartach mlangoni. Alikuwa na makapi ya shayiri kichwani na alama nyekundu vifundoni. Mwangaza wa nje, ingawa ulikuwa wa mawingu, ulimfanya apepese macho. Alitazama ndani mara moja, akamwona ndugu yake ameketi na paja lililong'olewa mbele yake. Derbail alitoka kumkuta, mikono imenyooshwa mbele. Fogartach alirudi nyuma hatua moja, mikono ya Derbail ikabaki mitupu.

"Ulinicheka," alisema. "Nilikuuliza mdhamini, ukanicheka."

"Ndiyo."

"Nimesikia nyundo siku mbili. Unajua kusikia nyundo ukijua inafua macho yako?"

"Sijui, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Conaing, ngumu, ya mfalme: "Bibi Derbail apewe chakula." Bibi. Hakuwa amemwita hivyo tangu ajifunze kusema. Becan alitoka tena na ule mkate wa shayiri, siagi imeganda kwa baridi, akamwekea mkononi na kwenda zake bila kumtazama usoni.

Basi hawa wawili wote wamenichukia, aliwaza Derbail. Alitafuta huzuni moyoni mwake akakuta bado kuna hasira tu: hasira kwa Conaing na mkate wake wa mtego, kwa Dunlath, kwa wazee waliokaa kimya mpaka wakakumbuka wajukuu wao, kwa sheria inayojua kuhesabu mbavu za nguruwe lakini haimjui mwanamke, na kwa yule mjinga aliyecheka kwenye matete. Hakutaka hasira hiyo ipoe upesi. Karamu nyingine itakuja, na mfalme mwingine, na ndugu mwingine ghalani, na mtu itabidi aketi hapa tena. Akajiambia kwamba safari hiyo hataketi peke yake. Atawafundisha wanawake wa ziwani wote waulize mdhamini ni nani, hata kwa watoto waliowanyonyesha. Hasa kwa hao.

Fogartach alikuwa amefika langoni. Pale alisimama, akageuka. Alimtazama Derbail kwa mbali, kupita ua wote wenye matope, kwa chuki ya mtu aliyeumizwa na mama. Alimtazama kwa muda mrefu, na hakupepesa.

Derbail alisimama wima mvuani akaipokea chuki hiyo yote. Ilikuwa inatoka kwenye macho mawili, mazima, ya kijivu kama ziwa.

"Kasirika," alisema, ingawa hangeweza kumsikia. "Nikasirikie mpaka uzeeke."

Kisha akauma mkate.